Kuhusu Rukola Yangu na Wema wa Mtaa Uliopita Kiasi

Mtaa wa Waokaji, Torrespina
13 Juni

Kwa Mheshimiwa Cosimo Lategola, Meya wa Torrespina (na mtoto wa binamu ya mke wangu, ingawa hilo lisipotoshe haki)

Mheshimiwa Meya,

Natumaini goti la mama limepata nafuu. Mimi ni mzima, isipokuwa heshima yangu, ambayo iko mahututi tangu Machi.

Unanijua: Oreste Gariglio, fundi tramu mstaafu kutoka Torino, mume wa Nunziata, niliyemfuata kwao huku kusini tulipostaafu. Nakiri mapema kwamba hapa sijatendewa ubaya hata siku moja. Hilo ndilo lalamiko langu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi huu ni mwaka wa kumi na mbili na jembe sijaliona. Kila Juni, jioni ya Mtakatifu Antoni, mtaa unapotoa meza nje na kila mmoja kuleta alichopika au alichopanda, mimi huketishwa karibu na padri na kukatazwa kugusa hata kiti. "Kaa, Mtorino, kaa, usijichoshe." Nimechoka kutochoshwa.

Basi mwaka huu niliamua kuleta rukola, ile mboga ya saladi yenye majani makali, niliyoiotesha mwenyewe kutoka mbegu. Nunziata alicheka mpaka akatafuta kiti. "Rukola? Hiyo huota hata paka akijikuna ukutani. Ukishindwa na hiyo, mzee wangu, nitakuficha wapi?"

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi. Nilipanda Machi, mwezi wa angani ukiwa unakua. Bibi Filomena, tunayepakana naye ukuta, aliegemea pale akanitazama mwanzo hadi mwisho, kisha akasema "hongera". Baadaye kabisa ndipo nikaambiwa kwamba mboga za majani hupandwa mwezi ukipungua, la sivyo hukimbilia kutoa maua. Nilipomuuliza mbona alinyamaza, alijibu kwa upole, "Nilidhani huko Torino mna mwezi wenu." Angekuwa mkwewe, angemtukana mtaa mzima usikie. Mimi nilipewa hongera.

2. Mbegu zenyewe ni kama vumbi. Nilikusudia kunyunyiza kidogo, nikapiga chafya, pakiti nzima ikaishia kwenye mfereji mmoja. Zikaota zote, zimebanana kama watu kwenye mazishi ya tajiri. Kitabu kinasema ng'oa miche, bakiza michache. Nilichuchumaa pale asubuhi nzima nikashindwa kuchagua wa kufa.

3. Viroboto wa mboga, wale weusi wanaoruka, wametoboa kila jani. Nilipiga magoti alfajiri, miwani puani, sahani ya maji ya sabuni mkononi, nikiwavizia mmoja mmoja. Wapita njia walidhani nasali. Jumapili Padri Vito alinitaja kanisani kuwa mfano wa kuigwa, na mpaka leo sijamsahihisha.

4. Kando ya geti langu, katika ufa wa jiwe, imeota rukola ambayo haikupandwa na mtu wala kumwagiliwa tone. Mbwa wote wa mtaa huikojolea. Imenenepa, majani yake yamepita kiganja changu. Naomba manispaa iiulize inakua kwa kibali gani.

5. Hili ndilo zito. Juzi nilikuta kwenye kitasa cha mlango wangu mfuko wa rukola ya Bibi Filomena, imechumwa, imeoshwa, ili niipeleke mezani kama yangu. "Chukua, Mtorino, nani atajua?" Mtaa wote ungejua, Mheshimiwa, na wote wangeisifu. Nilikaa kwenye ngazi na ule mfuko mapajani, nikaumia kweli. Mtu anayedanganywa hivyo kwa upendo ni mtoto au mgonjwa.

Kwa hiyo naomba: kwanza, ipigwe marufuku kumtendea wema mtu yeyote aliyeishi hapa zaidi ya miaka mitatu. Pili, ateuliwe ofisa wa kunifokea, walau mara moja kwa mwezi, mbele ya mashahidi. Nisipojibiwa nitakwenda mkoani, kisha Roma, na ikibidi nitarudi Torino, ambako majirani hawasalimii, ila hawasalimii watu wote kwa usawa.

Nisalimie mama, karani wako, yule shangazi wa duka la nyuzi na wote wanaoniulizia, hata wale wanaoniulizia kwa huruma.

Ni mimi, mkazi wako mnyenyekevu mwenye kinyongo,
Oreste Gariglio

N.B. Barua hii niliiandika mchana, kabla ya sherehe, na sikuiposti; naongeza haya usiku huu, kisha naituma. Mfuko wa Bibi Filomena niliuacha nyumbani. Nilipeleka rukola yangu, na matundu yake na maua yake, nikaiweka katikati ya meza. Bibi Filomena alikuwa wa kwanza kuonja. Aliitema kiganjani mbele ya padri. "Nani kaleta shubiri hii? Wewe Oreste? Miaka yote uko hapa hujui inachumwa kabla ya maua? Mjinga mkubwa wewe. Na umekaa tu kama bwana harusi. Hebu inuka, beba mabenchi, kisha nenda kule nyuma na wenzako."

Wenzangu walikuwa wakwe wa mtaa, wanaoosha masufuria. Wakanisogezea nafasi bila kuinua macho. Tuliosha mpaka vidole vikakunjamana, na mgongo sasa hauinuki. Bibi Filomena alikuja kukagua, akanirudishia sufuria moja akisema halijatakata.

Tafadhali ichane barua hii. Lile sufuria, kusema kweli, lilikuwa bado na masizi.