Michoro Tisini na Saba ya Mkorosho Mmoja

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Kuanzia leo naandika kila kitu. Sitaruka jambo kwa sababu linaniaibisha. Nimeapa nikiwa nimeweka mkono juu ya atlasi ya shule, kwa kuwa Msahafu hauhusiki na mambo ya kuchora.

Jambo la kwanza linaniaibisha. Mimi Faidha, kidato cha kwanza, mkazi wa Lisekese, nina michoro tisa tu.

Maelezo: tarehe mosi Julai Mwalimu Bernard wa sanaa alitugawia madaftari aliyoyashona mwenyewe kwa uzi wa viatu. Masharti yake yalikuwa manne. Kila siku chora kitu kimoja kilicho mbele ya macho yako. Andika tarehe. Usifute. Halafu mwonyeshe mtu, na mtu huyo aandike maoni yake chini kwa mkono wake. Madaftari yatakusanywa Jumanne tarehe 15 Oktoba. Atakayemridhisha kuliko wote atakwenda Newala mwezi wa Desemba, wiki nzima, kwenye kambi ya kuchora. Nafasi ni moja kwa shule nzima.

Tarehe 10 Julai nilipumzika. Mapumziko yakaendelea.

Naitaka nafasi hiyo. Hapa Masasi ukitazama upande wowote macho yanagonga jiwe. Bibi yangu amezaliwa Newala. Anasema kule ukisimama ukingoni unaliona bonde la Ruvuma lote hadi Msumbiji, na mwisho wake huuoni. Sijawahi kuchora kitu kisicho na mwisho. Pia huko kuna walimu watakaokaa karibu yangu na kuniambia kosa langu liko wapi. Hapa kila mtu ananiambia nzuri.

Hesabu: siku mia na sita, toa tisa. Tisini na saba. Nina leo na kesho.

Saa nne asubuhi nilikaa mlangoni kwa jiko. Nilianza na kuku. Kuku wanahama. Nikahamia kwenye mkorosho wetu, ambao sasa umejaa mabibo, yale matunda mekundu yanayobeba korosho. Mkorosho hauhami.

Hadi magharibi: michoro arobaini na mmoja. Kidole cha kati kimevimba.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimemaliza! Mikorosho tisini na saba. Yaani mkorosho mmoja, mara tisini na saba.

Nilibadilisha kalamu ili ionekane ni siku tofauti. Penseli, kalamu ya wino, mkaa wa jikoni. Kurasa za Julai nimezipaka vumbi kidogo, kwa sababu Julai kuna vumbi. Za Agosti nimezidondoshea chai. Septemba nimeiacha safi. Septemba nilikuwa na adabu.

Kuanzia mchoro wa sabini hivi mkono ulianza kwenda wenyewe. Sijui kwa nini. Labda ni usingizi.

Mama aliuliza mbona naukodolea macho mti tangu jana kama ninaudai. Nilimwambia ni masomo. Akasema masomo ya siku hizi ni mepesi, na kwamba maji yameisha.

Jumatatu, 7 Oktoba

Sasa maoni. Yanahitajika maoni tisini na saba.

Nilianza na Mama. Aliandika "Nzuri" mara tano mfululizo, bila kutazama mara nne. Kisha akasema dagaa wanaungua, nimtafute mtu asiye na kazi.

Bibi hajui kuandika ila ana maoni mengi. Nilimwonyesha ile picha niliyomchora tarehe 4 Julai, ili nimlainishe kwanza. Akauliza huyu ni nani. Nikamwambia ni yeye. Aliitazama kwa muda, akauliza alikufa lini, na mbona hakuna aliyempa taarifa.

Aliendelea kwa Kimakonde. Sikuelewa yote. Nilielewa neno pua.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo nimeona daftari la Oliva.

Oliva anakaa dawati la mbele yangu. Ni mpinzani wangu, ingawa yeye hajajulishwa. Anachora kiatu cha baba yake. Kila siku kiatu hichohicho, tangu mwezi wa saba. Wakati wa mapumziko nilimuuliza kwa sauti, ili wenzetu wasikie, kama baba yake ana mguu mmoja. Walicheka. Oliva alijibu kwamba kingine amekiweka kwa ajili ya mwakani, hiki bado hajakimaliza. Akaendelea kuchonga penseli.

Ukurasa wa kwanza kiatu kilikuwa kama muhogo. Ukurasa wa tisini ni kiatu cha mtu aliyekivua sasa hivi na kwenda kunawa miguu. Nimeona. Sikusema.

Akaomba kuona langu. Nikasema liko kwa watoa maoni.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wazo! Nalo ni zuri, kwa sababu nimelipata wakati wa Hisabati.

Watu wengi, wasio na kazi, waliokaa mahali pamoja, wanaojua kuandika majina yao. Ni nani hao? Wanaosubiri kupima korosho ghalani kwa chama cha msingi cha wakulima!

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimetoka ghalani. Kila kitu kimekwenda kama nilivyopanga, jambo ambalo si kawaida yangu.

Magunia yalikuwa yamepanga foleni. Wenyewe walikuwa wamekaa ukutani penye kivuli, kila mmoja akilitupia jicho gunia lake lisisogezwe nyuma. Nilitoa shikamoo nyingi hadi koo likakauka. Mzee mmoja, Mzee Shamte, aliitikia marahaba, akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamweleza. Akasema anamfahamu baba yangu, ni mtu mkweli. Nikampa daftari.

Alivaa miwani. Alitazama ukurasa, akatazama tarehe, akautazama tena ukurasa. Akacheka bila sauti, mabega tu. Akaandika kitu kirefu, kisha akampa jirani yake, Mama Witness, akimwambia aone maajabu. Mama Witness alipiga kelele kwamba huyu mtoto ana mti wa heri. Baada ya hapo sikuhitaji kumwomba mtu. Daftari lilitoka mkono hadi mkono. Walibishana. Mzee Shamte alisema mti umepandwa karibu mno na jiko. Mama Witness alisema hapana, kinachotakiwa ni kukata matawi ya chini. Mwingine aliuliza kama baba yangu anaweza kumpa kikonyo, kijitawi kimoja tu, apandikize kwake.

Kwa saa mbili tu, kurasa tisini na mbili zimejaa! Watu wa korosho ni wakarimu.

Sijayasoma maoni. Mwalimu Bernard alituambia tusibishane na maoni ya mtu. Njia ya uhakika ya kutobishana nayo ni kutoyasoma.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mapumziko ya kitaifa. Nimepiga pasi sare ingawa ni ya kesho.

Nilimuuliza Bibi kama Desemba Newala kuna baridi. Akasema nichukue sweta, na nikifika ukingoni nisimame mbali kidogo, maana upepo wa kule haumjui mtu. Mama akauliza nani anakwenda Newala. Nikasema tunazungumza tu. Sweta nimelifua.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimekabidhi. Daftari langu ndilo nene kuliko yote, kwa sababu ya chai.

Alhamisi, 17 Oktoba

Niliapa kuandika yote. Naandika.

Kipindi cha sita Mwalimu Bernard aliingia na madaftari mawili. Alisema kabla ya kutangaza jina angependa kutusomea maoni machache, maana hajapata kuona maoni ya namna hii tangu aanze kazi. Akafungua langu. Nilikaa wima.

Tarehe 12 Julai: "Mabibo yameiva vizuri. Sisi wengine Julai tulikuwa bado tunapulizia maua dawa ya salfa. Shamte."

Tarehe 20 Julai: "Naomba mbegu. Mama Witness."

Tarehe 3 Agosti: "Mabibo kumi na manne Julai, kumi na manne Agosti. Mwenye shamba haokoti?"

Tarehe 28 Agosti: "Yale kumi na manne bado yapo. Nimeyahesabu. Aitwe bwana shamba."

Tarehe 9 Septemba: "Kuku aliye chini ya mti naye hajasogea tangu mwezi wa saba. Mpeni maji."

Mwalimu hakueleza kitu. Hakuhitaji. Darasa zima ni watoto wa korosho. Walishaanguka kwenye madawati. Alfredi aliuliza ukoo wetu unatumia kalenda ya wapi. Mwingine akauliza kama mti huo unazaa na maembe.

Mwalimu aliniuliza kama nina la kusema. Nilisimama. Nilisema yeye mwenyewe alituagiza kuchora kilicho mbele ya macho, na mabibo yalikuwa mbele ya macho. Akakubali. Akasema hiyo ndiyo nusu ya sharti la kwanza niliyoitimiza.

Anakwenda Oliva.

Oliva peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama anachora. Nadhani alikuwa ananichora mimi.

Nilikwenda chooni nikakaa huko kipindi cha saba. Kilikuwa Jiografia.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mwalimu Bernard aliniita ofisini kwa walimu. Nilitarajia fimbo. Alikuwa na daftari langu, ameung'oa uzi na kuzitandaza kurasa mezani.

Aliweka mkorosho wa kwanza na wa mwisho pamoja. Akaniambia nitazame nisiseme. Wa kwanza ni fagio lililosimamishwa. Wa mwisho una uzito. Tawi la kushoto linaelemea chini, na ukilitazama unajua lina mabibo hata yasingechorwa. Sikukumbuka kulichora vile.

Akasema mkono umekua. Akaonyesha kwa kidole mahali nilipokosea kivuli, na kwa nini, na mahali nilipopatia bila kujua. Alichukua kama dakika ishirini. Hakuna aliyewahi kukaa na mchoro wangu dakika ishirini.

Kisha akasema kama siku mbili za udanganyifu zimefanya haya, nifikirie siku zote zile zingefanya nini. Akasema jicho linahitaji kulala kati ya mchoro na mchoro. Kuna kambi nyingine Newala mwezi wa Juni. Akanipa daftari jipya: tarehe 1 Novemba hadi 31 Mei, kila siku mchoro mmoja, masharti yaleyale. Akaniuliza kama nimeelewa.

Nikasema nimeelewa.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimelitafakari kosa langu siku mbili, kwa makini, bila kujionea huruma. Nimelipata.

Kosa lilikuwa mti. Mti una majira.

Kosa la pili lilikuwa kuchelewa. Mtu hapaswi kuchora siku zilizopita. Achore zijazo! Hapo hakuna wa kumwambia kwamba hazikuwa hivyo. Tena mkono unakua ukichora vingi kwa mpigo. Mwalimu amekiri mwenyewe. Novemba hadi Mei ni siku mia mbili na kumi na mbili. Nimeanza leo alfajiri.

Safari hii nina jedwali. Novemba: mawe, kwa sababu mawe hayazai. Desemba: mawe yaliyolowa. Januari: mahindi hadi magotini. Februari na kuendelea nahitaji kitu kinachobadilika, ili asiseme hakijasogea. Nimechagua mbuzi wa Mjomba Tahiri wa Makote. Mama ana picha ya mbuzi huyo kwenye simu, na mbuzi ana mimba changa. Nimeshamchora hadi tarehe 20 Februari. Tumbo linakua vizuri sana.

Hapo nimekwama. Nimemtumia Mjomba ujumbe huu, naunakili ulivyo:

"Shikamoo Mjomba. Ni Faidha. Sisi hatujambo, Bibi anakusalimu. Naomba unijibu sasa hivi maana simu ni ya Mama na anaitaka: mbuzi wako mwezi wa pili atazaa watoto wangapi, na wa rangi gani?"