Glavu Zinazofika Begani

Jumatatu, 15 Aprili

Habari kubwa! Wanafunzi wetu sita wamealikwa kupanda Kilimanjaro mwezi wa sita. Wafadhili wametoa makoti, viatu, mpaka kofia. Glavu hawakutoa. Kwa nini? Hakuna anayejua. Mwalimu mmoja atafuatana na watoto. Mmoja tu.

Ni mimi. Lazima niwe mimi. Nina miaka arobaini na tisa. Nimepita Moshi kwa basi mara nne, na mara zote nne mlima ulikuwa umejifunika wingu kama bibi harusi anayesubiri atunzwe. Miaka ishirini nafundisha Uraia, nasimulia mwenge uliowashwa kileleni, na mlima wenyewe sijauona hata kisigino.

Wilbard, mwalimu wa Jiografia, alinyoosha mkono kabla Madam Scholastica, mkuu wetu wa shule, hajamaliza sentensi. Nami nikanyoosha. Chai ya Wilbard ikamwagika. Si kosa langu. Anayenyoosha mkono hovyo asiweke kikombe karibu na wenzake.

Madam akasema hataki kelele. Jumamosi tutapanda naye mlima wa kule Kemambo, mvua ikinyesha, kila mmoja na glavu alizochagua kwa akili yake. Kileleni atatushika mikono. Mwenye mikono mikavu na yenye joto ndiye anayejua kutunza watoto wa watu.

Nilicheka moyoni. Mimi Ambokile, mtu wa Tukuyu! Kwetu mvua hainyeshi, inaishi. Wilbard kakulia Shinyanga. Mvua anaijua kwenye ramani.

Jumanne, 16 Aprili

Nimesoma mpaka macho yanawasha. Sasa sielewi chochote.

Mtaalamu wa kwanza: sufu, kwa sababu hutia joto hata ikilowa. Wa pili: sufu ikilowa ni nzito kama dhambi. Wa tatu: ngozi. Wa nne: ngozi kamwe! Wa tano anataka kitambaa kisichopitisha maji. Wa sita anasema hicho kitakutoa jasho, na jasho likipoa ndilo litakalokumaliza. Kwa hiyo maji yasiingie, lakini maji yatoke. Hiyo ni glavu au ni geti la mpakani Sirari?

Wilbard anatangaza ofisini kwamba atavaa zile za fuko: vidole vinne chumba kimoja, gumba kapewa chumba chake. Eti vidole hupeana joto kama mbuzi bandani. Nikamwandikia waraka wa kurasa nne kupinga nadharia ya mbuzi. Kidole ni raia. Raia hafungiwi. Nikaubandika kwenye ubao wa matangazo.

Madam aliusoma wote, akauliza kama nimeshanunua glavu. Nikamwambia bado niko kwenye misingi.

Jioni majaribio. Ndoo ya maji na barafu. Soksi za Agape, mke wangu. Kishika sufuria. Mfuko wa sukari. Dakika kumi kila kimoja. Matokeo: vidole vilikufa ganzi, nikashindwa kufungua mlango wa choo wakati wa haja. Agape akafungua. Akasema, Baba Gift, mikono ikishafufuka kuna vyombo.

Jumatano, 17 Aprili

Sirari, baada ya vipindi. Mitumba ya kila aina. Mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, Isebania, ananiuzia glavu nyeusi, nene, tamu machoni. Nikadai ushahidi. Akaniambia, buda, hii maji haipiti, hata ukitaka kuogelea nayo. Nikasema maneno si ushahidi. Tukabishana saa nzima juu ya maana ya neno ushahidi. Watu wakajaa. Mwishowe akachota maji kwa kikombe, akamimina ndani ya glavu, akaining'iniza. Halikudondoka hata tone!

Nikashangilia. Nikanunua. Nikanunua na za sufu, kwa sababu furaha haina breki.

Nyumbani nikazivaa na kuingiza mikono ndoo. Maji yakaingia kwa juu, penye kifundo cha mkono. Hayakutoka. Ushahidi wa yule mama ulikuwa wa kweli kabisa. Nimenunua majagi mawili yenye vidole.

Nimeshtuka. Kumbe tatizo si glavu. Tatizo ni mlango wa glavu!

Alhamisi, 18 Aprili

Ushindi!

Niliingia kwa Judith, mwenye duka la dawa za mifugo hapa Nkende, kuomba chenji tu. Ukutani zimening'inia glavu za plastiki, nyepesi, za rangi ya chungwa. Ndefu. Ndefu sana. Zinafika begani!

Wataalamu wote sita wanabishania kitambaa, kumbe maji huingilia kifundoni. Ni nani kati yao aliyewahi kufika begani? Sufu ndani, plastiki nje, mlango chini ya kwapa. Mvua itapitia wapi?

Judith akauliza nina ng'ombe wangapi. Nikasema sina. Akauliza basi nazitakia nini, maana hizo ni za daktari wa mifugo, za kuingiza mkono nyuma ya ng'ombe apime mimba. Nikamwambia najua, hata Tukuyu tunafuga. Lakini kitu hakifungwi na asili yake. Khanga ilianza kama leso, leo inabeba mtoto. Nilimweleza historia ya vitu kwa dakika ishirini. Wateja wawili wakaondoka bila dawa ya kupe.

Akasema, haya Mwalimu, ila huku kila mtu anazijua. Nikamwambia bora zaidi, hawatashangaa.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Siku nzuri sana.

Wilbard kanisimamisha koridoni, anataka kujua navaa nini kesho. Nikatabasamu. Akasema mtu akitabasamu hivyo huwa hana kitu. Nikatabasamu zaidi. Akaenda akiwa na wasiwasi. Nami nikabaki na wasiwasi: glavu zake kazipata wapi, na kwa nini hakung'ang'ania kujua?

Agape kaniona nikijaribu mbele ya kioo. Kaketi chini. Kasema anaomba nisipite kwa mama mchungaji.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika kwa shida. Mikono inanuka.

Tulianza saa mbili asubuhi. Mvua ya baridi, ukungu, matope ya kuvuta kiatu. Madam mbele na koti lake la mvua, akisema leo haloweshi mtoto wa mtu, tunatosha sisi watatu. Wilbard na mafuko yake. Mimi na mabega ya rangi ya chungwa. Madam alinitazama kwa muda mrefu. Niliona ni heshima.

Baada ya saa moja Wilbard alikuwa akikamua mafuko kama dekio. Mimi mkavu! Nina joto! Madam akachomoa kidaftari, akanishika vidole, akaandika. Niliona kwa macho yangu: aliandika jina langu, akalipigia mstari. Kilele kilikuwa kimebaki mwendo wa nusu saa. Kilimanjaro niliisikia ikiniita kwa jina.

Tukapita kando ya boma. Watu kama kumi na tano wamesimama mvuani, makundi mawili, katikati mtamba mwekundu. Mzee mmoja akaniona mabega. Akapiga kelele, Daktari huyo!

Nikamwamkia shikamoo, nikasema mimi ni mwalimu. Akasema marahaba, ni sawa, hata daktari aliyekuja mwaka jana alikuwa mtu wa shule. Ni Mzee Heche, mwenye boma. Ilikuwa siku ya mahari. Upande wa bwana harusi umeleta mtamba, unaapa ana mimba. Upande wa bibi harusi unasema ng'ombe huyu ni tasa na wanafanywa wajinga. Tangu asubuhi wanamngoja daktari.

Wilbard akasema twende. Madam akasema twende, Mwalimu.

Ningekwenda. Naapa ningekwenda. Lakini mshenga akasema kwamba ng'ombe akiwa na macho ya unyonge vile, mimba ipo, haihitaji ushahidi. Haihitaji ushahidi! Nikasimama. Nikamwambia macho si hoja. Upande wa bibi harusi wakapiga makofi. Nikageuka, nikawaambia na wao neno tasa wamelitamka bila utafiti. Upande wa pili wakapiga makofi. Mama mmoja, shangazi wa bibi harusi, aitwaye Waisiko, akaniuliza kama nimekuja kuhutubia ng'ombe au kumpima.

Nikasema nimekuja kujaribu glavu.

Akasema, sasa si uzijaribu, baba?

Nilipogeuka, Wilbard na Madam walikuwa vivuli viwili kwenye ukungu. Nikasema dakika mbili tu.

Nikaingiza mkono. Mpaka kiwiko. Mpaka bega. Wataalamu wa dunia, andikeni: hakuna sufu, hakuna ngozi, hakuna kitambaa cha Ulaya chenye joto la ndani ya ng'ombe. Nilishika kitu. Laini, kizito, kimejaa. Nikatangaza: ana mimba!

Vigelegele. Nikabebwa. Waisiko akauliza ni ya miezi mingapi. Nikasema mingi. Akauliza kichwa kiko upande gani. Nikasema inategemea unasimama wapi.

Hapo ikafika pikipiki. Daktari wa mifugo mwenyewe, anaitwa Benedicto, kijana mpole. Akavaa glavu kama zangu. Akapima kwa muda mfupi. Akasema mtamba hana mimba, na kwamba nilichoshika mimi ni mavi.

Vigelegele vikahamia upande wa pili. Mshenga akaniita jina la Kikurya ambalo hakuna aliyekubali kunitafsiria. Mzee Heche peke yake alinipa mkono. Halafu akautazama wake, akaupangusa kwenye nyasi.

Nilifika kileleni mbio. Hapakuwa na mtu.

Jumatatu, 22 Aprili

Madam kaniita ofisini asubuhi. Wilbard yupo, mikono imefungwa bandeji kwa baridi ya juzi.

Kwanza, glavu. Nimeshinda! Watoto watavaa sufu ndani na kifuniko kisichopitisha maji nje, chenye kubana kifundoni, kisichofika begani. Alisema wazo ni la Mwalimu Ambokile na ni zuri.

Pili, anayekwenda ni Wilbard.

Glavu zangu zitapanda Kilimanjaro bila mimi! Nikauliza sababu. Akasema mikono ya Wilbard ililowa lakini miguu yake haikutoka njiani. Kule juu, katika ukungu, watoto sita wanahitaji mtu anayeweza kupita penye ubishi bila kuingia. Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikamwambia si kweli. Nikamthibitishia kwa hoja saba kwamba mimi hupita penye ubishi kila siku. Hoja ya tatu ilikuwa na vifungu. Wilbard akaondoka kwenye hoja ya pili. Kengele ya chai ikalia, nikaendelea. Kengele ya vipindi vya mwisho ikalia. Kidato cha Tatu walinisubiri, wakachoka, wakaenda kucheza mpira. Wazazi wawili walisimama mlangoni, wakaondoka. Sikumruhusu Madam kunikatiza hata mara moja.

Naona ameanza kuelewa. Alichukua mkoba wake, akatoka, akanifungia mlango kwa nje, taratibu kabisa.