Jenerali Egwang na Roselida Watatu

Jumatatu, 23 Juni

Mimi nimezaliwa na bahati, na leo imeonekana mchana kweupe. Foleni ya malori imepita kituo cha mafuta, madereva na mataniboi, wasaidizi wao, wamejaa Malaba nzima kama siafu, na kati ya watu wote hao Lazarus Oduori amenichagua mimi. Mimi, Egwang! Msimamizi wa loji ya Mama Truphena, vyumba saba, maji moto ukiomba mapema.

Alichoniachia ni gemu ya mkononi. Si simu. Mashine kamili, kioo katikati, vitufe huku na huku. Ni ya binti yake Yvonne, aliye bweni kule Busia, na shuleni haziruhusiwi. Lazarus anavuka mpaka kwenda Kampala na dirisha la lori lake limevunjika, anaogopa itaibiwa. Ijumaa anarudi, Yvonne anakuja kumpokea kwa sababu ni mapumziko ya katikati ya muhula, wanaichukua hapa. Aliniambia maneno matatu: iweke, usiiwashe, asante.

Nimeiweka. Kabatini, chini ya shuka. Hiyo ilikuwa saa nne asubuhi.

Saa nne na robo nimeiwasha. Lazima mtu ahakikishe kitu alichopewa ni kizima.

Ni kizima! Ndani kuna nchi yenye ngome, misitu na joka. Uwanja wa vita umechorwa miraba kama ubao wa drafti. Unasogeza askari wako, adui anasogeza wake, zamu kwa zamu. Drafti! Mimi, ambaye nimewapiga mataniboi wa nchi nne kwa vifuniko vya soda! Yvonne ana askari kumi na wawili, na kila mmoja amempa jina. Kuna mwenye shoka anaitwa Baba. Kuna mganga mwenye gauni jeupe anaitwa Roselida, daraja la arobaini. Anaponya jeshi lote kwa fimbo.

Nimecheza vita moja tu. Nimeshinda. Bahati.


Jumanne, 24 Juni

Jeshi la huyu mtoto halina kiongozi. Nimemwongezea mmoja, anaitwa Jenerali Egwang. Nimempa upanga wa dhahabu niliomvua Baba, ngao niliyoitoa kwa mwingine, na kofia yenye pembe. Amependeza sana.

Kisha nikarekebisha mpango. Yvonne anamweka mganga nyuma kabisa ya jeshi. Nyuma! Mtu anaumia mbele, dawa iko nyuma! Ndiyo shida ya nchi hii. Ukivunjika mguu Malaba na daktari yuko Busia, utapona lini? Nikampeleka Roselida mbele, pale pale watu wanapoumia.

Joka likatema moto.

Roselida akapiga magoti, akasema maneno fulani ya Kiingereza ya kuaga, akayeyuka. Kikatokea kioo cheusi chenye kaburi na jina lake. Nikazima, nikawasha. Kaburi. Nikaitikisa. Kaburi. Kumbe hii mashine inajiandikia yenyewe kila kitu, na kwenye hii gemu aliyekufa amekufa.

Nilipiga kelele kidogo. Mama Truphena akaja mbio kutoka jikoni, akauliza kuna nini. Nikamwambia Roselida amekufa. Akaketi kitandani, akanishika mkono, akaniuliza kama alikuwa mgonjwa. Nikasema hapana, ni moto. Mama wee! Akaniletea chapati tatu na maharagwe, akaniambia nipumzike leo, atafagia mwenyewe. Nilitaka kumweleza. Lakini chapati zilikuwa moto, na mtu hawezi kukatisha tamaa mama mwenye moyo kama ule.

Saa nane Lazarus akapiga simu kutoka Kampala. Aliuliza kama kile kitu kiko salama. Nikasema kiko kabatini kama mtoto kwenye mgongo wa mama. Akacheka. Akasema Yvonne ana wasiwasi kwa sababu ya yule mganga. Akasema Roselida lilikuwa jina la mama yake yeye Lazarus, nyanya aliyemlea Yvonne kule Port Victoria, aliyefariki mwaka jana mwezi wa nane. Mtoto akimkosa sana huwasha mashine, hachezi, anamwangalia tu amesimama na fimbo yake.

Nikasema network ni mbaya. Nikakata.

Chapati ya tatu haikushuka.


Jumatano, 25 Juni

Nimeamka na mpango. Ndani ya gemu kuna kambi, na kambini unaweza kuandikisha askari mpya na kumpa jina. Rahisi! Nikaandikisha mganga mpya, gauni jeupe, fimbo. Nikamwandika Roselida. Tatizo moja: ni daraja la kwanza. Mtoto mchanga. Lazima apigane mpaka afike arobaini kabla ya Ijumaa.

Nikampeleka vitani. Jambazi mmoja mwenye rungu, hata viatu hana, akamgonga mara moja. Kaburi la pili.

Nikaandikisha mwingine. Huyu nilimficha nyuma ya Jenerali Egwang. Mshale ukaruka juu ya Jenerali Egwang. Kaburi la tatu.

Hapo nikaacha vitufe nikatumia akili. Kwa nini wanakufa hivi? Mtu mwingine angesema Egwang hajui kucheza. Mtu mwingine hakukulia kijijini Chakol. Ukweli uko wazi: nimempa mtoto jina la marehemu bila kumuuliza marehemu. Jina halijakubaliwa! Hata mtoto wa nyumbani ukimpa jina hivyo, atakohoa mpaka urekebishe.

Nikapanda boda mpaka Chakol kwa Tata Petronilla. Tata ni nyanya yangu, na amewapa majina nusu ya watoto wa pale. Sisi Wateso nyanya huchovya kidole kwenye ajon, ile pombe yetu ya wimbi, anakitia mdomoni mwa mtoto huku akitaja majina. Jina ambalo mtoto atanyonya kidole, hilo ndilo lake.

Nilimkuta Tata ameketi na wazee wawili, chungu katikati, mirija mirefu mdomoni. Nikamwonyesha mganga mpya, sasa wa nne, ambaye nilikuwa sijamwandika jina. Tata akamwangalia kwenye kioo sana. Akauliza ni mtoto wa nani. Nikasema wa Yvonne. Akauliza Yvonne ana miaka mingapi. Nikasema kumi na tatu. Mzee mmoja akatoa mrija mdomoni akasema dunia imeharibika.

Nilipomaliza kueleza, Tata akanionya. Alisema huyo marehemu ni mtu wa Port Victoria, Mnyala, na ajon si njia yao. Wale husikiliza kilio. Mtoto akilia wanataja majina ya waliotangulia, na jina litakalomnyamazisha ndilo limekubali. Akasema usimwite mtu kwa mlango usio wake. Nikamwambia Tata, hii ni mashine, haina kabila.

Akahema. Akachovya kidole, akagusa kioo kwa tone moja, akasema Roselida.

Mganga hakufanya kitu. Amesimama tu.

Kwa hivyo nikaongeza kikombe.

Nilifikiri atanyonya! Iliingia kila mahali, kwenye vitufe, kwenye vile vitundu vya sauti. Mashine ikalia piii. Kisha Jenerali Egwang akaanza kutembea kushoto mwenyewe, kushoto, kushoto, mpaka ukutani, akaendelea kutembea. Mzee wa pili akasema huyo amelewa. Walicheka mpaka mmoja akaanguka na stuli.

Tata hakucheka. Alisema nimwambie huyo mtoto ukweli.

Nitafikiria.


Alhamisi, 26 Juni

Nimeiweka juani juu ya bati. Nimeipuliza. Nimeiweka ndani ya mchele wa Mama Truphena, na sasa mchele unanuka ajon. Mashine haiwaki. Kesho ni Ijumaa.

Kuna mtu mmoja tu Malaba anayeweza kufungua kitu kama hiki, na naandika jina lake kwa uchungu. Quinton. Ana kibanda cha kutengeneza simu hapo jirani, ana cheti cha chuo amekitundika ukutani kama picha ya harusi. Tumeshindana drafti miaka sita. Watu husema yeye ndiye bingwa. Watu husema mengi.

Aliinusa akauliza nilikuwa naichezesha au nainywesha. Nikamwambia ni umande. Akasema basi huo umande ni wa wimbi. Akaniita Mzee wa Bahati mbele ya wateja.

Nikamweleza yote. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakucheka nilipofika kwenye habari za nyanya wa Yvonne. Aliweka bisibisi chini, akaniangalia, akasema atajaribu, lakini kwa sharti. Nisimame kwenye foleni, mbele ya mataniboi wote, nitangaze kuwa Quinton ndiye bingwa wa drafti Malaba na mimi ninahamisha vifuniko mtu akienda kukojoa.

Nimekataa.

Nikarudi, nikaketi kwenye kitanda changu. Nikamfikiria yule mtoto akiwasha ili aangalie tu.

Nikaenda kwenye foleni. Nikapanda juu ya tairi. Nikatangaza. Walipiga honi! Lori kumi na tano, kuanzia la mafuta mpaka la saruji. Kuna taniboi wa Rwanda alilia machozi, alikuwa akinishuku tangu mwaka jana.

Quinton akaifungua. Spiriti, mswaki laini, uvumilivu. Saa kumi ikawaka. Makaburi matatu bado yako. Akasema hayo si kazi ya spiriti. Hakunitoza kitu, hiyo ndiyo imeniudhi zaidi.


Ijumaa, 27 Juni

Walifika saa sita. Lazarus na vumbi lake lote, Yvonne bado na sweta ya shule. Msichana mwembamba, mpole, akanisalimia shikamoo uncle. Nilikuwa na hotuba tayari kuhusu virusi kutoka ng'ambo. Nzuri sana. Ilikuwa na radi ndani yake.

Akawasha. Nikaona macho yake yanashuka ile orodha. Roselida, kaburi. Roselida, kaburi. Roselida, kaburi. Halafu Jenerali Egwang, amevaa kila kitu.

Hotuba ilinitoka kichwani. Nikasema nimewasha, nimecheza, nimemweka mbele, ameungua. Nikasema yote mpaka kikombe. Lazarus alinitazama kama mtu anayehesabu mifupa yangu.

Yvonne akasema kwa sauti ndogo kwamba nyanya yake alikufa mara moja tu. Uncle amemuua mara tatu.

Kisha akalia. Si kelele. Alilia vile vya kuvuta pumzi. Mama Truphena akatoka jikoni, akaelewa sasa ni Roselida yupi niliyemlilia Jumanne, akaniangalia, na nikajua chapati zile zitanitokea puani.

Nikaomba ruhusa, nikabonyeza mpaka kambini. Mganga wa nne alikuwa pale pale, gauni jeupe, hana jina. Nikamwambia Lazarus vile Tata alisema, kwamba watu wao huita majina kwenye kilio. Nikafikiri sasa napigwa.

Akachuchumaa mbele ya binti yake pale barazani. Akataja polepole jina la babake. Mtoto analia. Akataja Sylvia, shangazi yake Yvonne, aliyezama ziwani kabla mtoto hajazaliwa. Analia. Akataja mwingine, na mwingine, watu ambao hata mimi nilianza kuwahurumia. Lori lililokuwa mbele likazima injini. Akasema Roselida.

Yvonne akanyamaza. Akapangusa pua na mkono wa sweta, akaandika jina herufi kwa herufi. Baba yake akageuka kuangalia malori kwa muda. Mimi pia niliangalia malori. Yalikuwa na vumbi, macho yanauma.

Daraja la kwanza, nikasema, pole. Akanijibu kwamba nyanya mwenyewe alianza na samaki wawili kwenye beseni na akaishia na mashua, hataogopa daraja la kwanza.

Akaingia vitani hapo hapo, kwa joka. Kwanza akamvua Jenerali Egwang upanga, ngao na kofia, akawarudishia wenyewe. Akamweka Roselida mpya nyuma kabisa, Baba mwenye shoka kando yake. Jenerali Egwang akamweka mbele peke yake, amebaki na fulana tu. Nikamwambia kwa heshima kwamba ule si mpango mzuri. Akasema anajua.

Joka lilimla kwa zamu moja. Likatokea kaburi, jina langu. Yvonne akacheka mpaka akashika tumbo, Lazarus akacheka, na Quinton, ambaye hakuna aliyemwita, akacheka kuliko wote. Mama Truphena akaniletea chapati moja. Ya matanga yangu, alisema.


Jumapili, 29 Juni

Nimetubu kanisani. Mtu mpya kabisa. Kitu cha watu sigusi.

Saa saba dereva mwingine, Olinga, ameniachia keki ya harusi. Ya ghorofa nne, inaenda Tororo, ataipitia kesho gari lake likipona breki. Alisema niiweke kivulini na nisifungue boksi. Nimeiweka. Nimefungua kidogo tu, lazima mtu ahakikishe kitu alichopewa ni kizima. Ile ghorofa ya chini, upande wa nyuma, hakuna mgeni atakayeuangalia. Na nikikata kwa uzi badala ya kisu, haitaonekana. Nina uzi.

Olinga naye amenichagua mimi! Ni bahati tu, sijui niseme nini.

Sawa. Kwa vile hii ni shajara na Quinton haisomi: hakuna aliyenichagua. Olinga alimpelekea Quinton kwanza, akakuta kibanda kimefungwa. Na Lazarus naye, siku ile ya Jumatatu, alimuuliza Quinton kwanza. Quinton alikuwa ameenda chooni.