Lundo la Mawe Lisilopungua

Jumatatu, 1 Februari 1932

Siku mbaya. Meya Stensrud ametukusanya ukumbini saa tatu asubuhi. Jiko halina moto. Ametuhutubia akiwa na koti na glavu. Anasema hazina ya jiji imekauka, kiwanda cha majiko ya chuma hakifunguliwi tena, na foleni ya wanaotafuta kazi imelizunguka jengo letu mara mbili. Kwa hiyo idara mbili zitakuwa moja: ama yetu ya Barabara, ama ile ya Bustani. Itakayowapa kazi watu wengi zaidi bila kuliomba jiji senti ndiyo itakayobaki. Watu watalipwa unga, maharage na makaa ya mawe yaliyochangwa na makanisa. Mashine ni marufuku. Mashine haina watoto.

Idara ya Bustani maana yake ni Lorne Haverty. Meza yake inatazamana na yangu, kati yetu ujia mwembamba. Masharubu ya mafuta, tabasamu la paka aliyetoka jikoni. Ameniuliza, kwa upole, kama nimeshakwenda kupanga foleni, maana nje kuna baridi. Nikamwambia atangulie yeye, anishikie nafasi. Jibu safi kabisa! (Nimelipata nilipofika nyumbani. Pale pale nilikohoa tu.)

Jumanne, 2 Februari

Nimepata! Nilikuwa nanyoa. Nimejikata sikio, lakini nimepata.

Mtaa wa Mfereji kuna lundo la mawe, mabaki ya kiwanda cha bia kilichobomolewa. Kubwa kama kanisa. Tutalihamishia Mtaa wa Kilimani, mwendo wa nusu saa kwa toroli. Watu sitini, wiki nyingi, gharama hakuna.

Mke wangu Verna akauliza yakishafika huko yatafanya nini. Nikamweleza kwamba hilo ni swali la mtu asiyejua utawala. Akasema basi yapelekwe Kichochoro cha Kinu, kwa kaka yake Stan, ambako matope yanafika magotini, mwenye mkokoteni wa makaa amekataa kuingia, na juzi mkunga alianguka hadi mtoto akazaliwa kabla hajafika. Nikamwambia mambo ya jiji hayaendeshwi kwa kufuata kaka za watu.

Stan nimempa unyapara. Hilo ni jambo tofauti.

Alhamisi, 4 Februari

Tumeanza. Stan Gorczyk alikuwa msimamizi kiwandani miaka kumi na tisa, anajua kupanga watu. Toroli hazikutosha, wakaleta vigari vya watoto wachanga. Nimesimama juu ya sanduku nikapungia mkono. Hakuna aliyenipungia, mikono ilikuwa na kazi.

Stan ameniuliza kwa nini tunahamisha mawe. Nikasema ni mipango ya jiji. Akanitazama kama mtu anayetazama jiko lililotoka kiwandani bila mlango. Akasema, "Sawa, shemeji," akaenda zake.

Jumamosi, 6 Februari

Ajabu! Siku tatu za kazi na lundo halijapungua hata kiasi cha ndoo. Nimelipima kwa macho, kisha kwa kamba. Vilevile! Nimekimbia kwa Meya kumwambia kazi itafika hadi kiangazi. Amefurahi hadi akavua glavu moja.

Njiani nimemkuta Haverty akitoka huko huko. Naye anafurahi. Furaha ya mtu huyu hainipi usingizi.

Jumatatu, 8 Februari

Nimefuata toroli moja ya Haverty. Kwanza nilijificha nyuma ya mti, halafu nyuma ya farasi. Farasi hakukubali.

Nimeona kwa macho yangu. Haverty ana watu sabini. Wanachukua mawe kutoka Mtaa wa Kilimani, eti kuna mtu asiye na adabu aliyetupa mawe kwenye kiwanja cha bustani. Na wanayapeleka wapi? Mtaa wa Mfereji! Juu ya lundo langu! Watu wangu wanapanda na mawe, watu wake wanashuka nayo. Wakikutana katikati wanainua kofia na kuulizana hali za nyumbani.

Nikamshika Stan mkono. Akasema anajua tangu siku ya kwanza.

"Na hukuniambia?"

"Shemeji, nikikuambia, wewe utasema. Ukisema, kazi imekwisha. Watu mia na thelathini wanakula maharage kwa sababu ninyi wawili hamsalimiani. Nyamaza, tafadhali. Kwa mara moja tu."

Nikaona ana hoja. Nikaenda kwa Haverty. Uso ukamshuka hadi masharubu yakalegea. Tukakubaliana: midomo kufuli. Tukashikana mikono. Mkono wake una jasho.

Jumatatu, saa moja baadaye

Kwa nini ninyamaze? Nikimchoma Haverty kwanza, yeye ndiye mpuuzi aliyerudisha mawe, mimi ni mchapakazi niliyehujumiwa. Nimemwandikia Meya barua isiyo na jina, kwa mkono wa kushoto, nikatia sahihi "Raia Mwenye Uchungu". Gundi ya bahasha imekwisha. Nimempa Verna aipeleke posta bila kuisoma.

Akasema, "Mimi nisome barua zako, Ambrose? Nina kazi za maana."

Mwanamke mwaminifu.

Jumatano, 10 Februari

Haverty amekuwa mwema mno. Kanipa nusu ya mkate wake wenye soseji. Moyo umenisuta kwa muda wa kutafuna.

Meya ametangaza kwamba kesho saa nne atakagua mawe mwenyewe, pamoja na mwandishi wa gazeti. Barua imefika! Nimepiga kiatu rangi.

Nyumbani hakuna chakula cha jioni. Kuna karatasi mezani: Verna yuko kwa kaka yake, ana shughuli, kabichi iko kwenye mtungi. Siku ya pili hii.

Alhamisi, 11 Februari

Sijui nianzie wapi.

Saa nne tumefika Mtaa wa Mfereji: Meya, mwandishi, Haverty, mimi. Lundo hakuna. Hakuna! Uwanja mtupu, na mbwa mmoja. Tukaenda Kilimani. Hakuna! Meya akatoa mfukoni barua mbili. Moja ya "Raia Mwenye Uchungu". Nyingine ya "Raia Aliyechoka". Nikamtazama Haverty. Haverty akaangalia mawingu.

Meya akauliza, polepole, jinsi watu mia na thelathini walivyoweza kupoteza kiwanda kizima cha bia.

Nikasema huenda yameibwa. Haverty akasema huenda yamezama. Mwandishi akaandika vyote viwili.

Meya ndiye aliyeona alama za magurudumu kwenye tope. Tukazifuata hadi Kichochoro cha Kinu. Na pale, kutoka mwanzo wa kichochoro hadi mlango wa mwisho, barabara ya mawe! Yamepangwa sawasawa, na mfereji wa maji kila upande. Mkokoteni wa makaa ulikuwa unapita juu yake, farasi anapiga kwato taratibu kama anayejua anatazamwa. Mwanamke mmoja amesimama mlangoni na kitoto kichanga, viatu vyake vikavu. Watu wote mia na thelathini wamepumzika kandokando. Wanawake wanagawa supu. Anayeshika upawa ni Verna!

Meya akakanyaga jiwe la kwanza. Akaruka-ruka kidogo. Halikutikisika. Akauliza nani ameamuru kazi hii.

Nikasema, "Mimi!"

Haverty akasema, "Mimi!"

Watu wakacheka hadi supu ikamwagika. Verna hakucheka. Akajifuta mikono, akamwambia Meya kwamba hakuna aliyeamuru. Ametia barua posta ili Mheshimiwa aje, na kabla ya hapo alimsomea kaka yake ili Mheshimiwa akija aone kitu. Siku tatu, watu wa Barabara na wa Bustani pamoja. Kisha akasema kuna vichochoro vingine kumi na vinne vyenye tope kama hili, na mawe ya kiwanda cha matofali kilichofungwa yapo tu.

Meya akavua glavu zote mbili. Akampa Stan mkono.

Nimerudi nyumbani nikiwa nyuma ya Verna hatua kumi. Nikamwambia alisema hatasoma. Akasema alisema ana kazi za maana, na ile ilikuwa mojawapo.

Ijumaa, 12 Februari

Uamuzi umebandikwa. Idara zimeunganishwa, inaitwa ya Kazi za Jiji, mkuu wake Stanislaw Gorczyk. Vichochoro kumi na vinne, watu mia mbili. Mimi na Haverty tumebaki, kwa nusu mshahara kila mmoja na meza moja kwa wote wawili. Stan ndiye aliyetuombea. Amesema kila mtu ale.

Nilitaka kumshukuru. Nikamwambia tai yake imepinda.

Jumanne, 16 Februari

Theluji! Inafika kwenye madirisha. Stan ameniagiza nipange mahali pa kuimwaga. Mimi! Ameniamini.

Nimefikiri kwa makini, kwa faida ya jiji. Haverty anakaa Mtaa wa Elmi, namba kumi na nne. Mlango mmoja tu wa mbele. Theluji ya kata nzima ikimwagwa pale, hatoki hadi Machi. Meza itakuwa yangu peke yangu. Nimeandika amri, sahihi kubwa, nikaificha chini ya kofia.

Haverty naye yuko upande wake wa meza, anaandika kitu na kukifunika kwa kiwiko. Sasa hivi ameinua kichwa na kuniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, nyumba yetu ni namba ngapi. Eti mkewe anataka kutuletea keki.

Nimempa namba. Nimemwambia na mahali mlango ulipo.

Maskini. Pengine nimemhukumu vibaya.