Nani Aliwaambia Mfute Vipimo?

Bi Ziada Mrisho,
Fundi Cherehani,
Buzebazeba, Kigoma-Ujiji.
Ijumaa, 15 Agosti 2025

Kwa Bwana Jeremia,
Msimamizi wa Afya ya Abiria,
Meli ya Matembezi MV Mgebuka,
Kigoma.

YAH: KUPINGA KUFUTWA KWA VIPIMO VYA AFYA KWA ABIRIA

Ndugu Msimamizi,

Natumaini barua hii inakukuta salama na yale mafua yako yamepungua, maana mtu wa afya hapendezi akipiga chafya mbele ya abiria. Mimi ni mzima kabisa, na uzima huo ndio chanzo cha malalamiko yangu.

Juzi Jumatano nilipita ofisini kwenu kuuliza masharti ya safari, kama ninavyofanya kila yanapobadilika. Nikakuta tangazo jipya limebandikwa juu ya yale ya zamani: "Kuanzia sasa abiria wa MV Mgebuka hahitaji kipimo, cheti wala fomu ya afya. Njoo na tiketi yako tu. Karibu tufurahie ziwa." Nililisoma mara tatu, kisha nikakaa kwenye benchi lenu. Yule binti wa tiketi aliniletea maji akidhani nimezidiwa na furaha.

Sikuwa na furaha, Ndugu Msimamizi. Niliumia sana. Nimeona niandike malalamiko yangu kwa namba, kwa sababu mwalimu wetu wa darasa la saba alikuwa akisema malalamiko yasiyo na namba ni umbea.

1. Kwamba mmefuta vipimo bila kuwauliza wanaovitumia.

Utasema abiria waliulizwa. Lakini abiria wa kawaida huvitumia vipimo vyenu siku moja tu, siku ya safari, akishapanda anasahau. Mimi nimevitumia kila siku kwa miaka minne, tangu meli yenu ianze kazi, bila kupanda hata mara moja. Nina dada yangu, Mwavita, anaishi Kirando, huko kusini ambako meli yenu hufika siku ya pili. Hatujaonana tangu mwaka 2018. Watu wakiniuliza, "Bi Ziada, mbona huendi kumwona dada yako?" nilikuwa najibu, "Ningekwenda, lakini hivyo vipimo!" Jibu hilo lilitosha. Walinihurumia mimi na kuwalaani ninyi, na kila mtu akaenda zake ameridhika. Leo wakiniuliza nitajibu nini?

2. Kwamba kila sharti mlilolifuta nilikuwa nimekwisha kulizoea.

Mlianza na kipimo cha pua, majibu yasizidi saa sabini na mbili. Kipimo kile kilikuwa na heshima yake. Nilimwambia Nassib, mtoto wa marehemu mjomba, ambaye yuko Gungu, hapa hapa mjini, na ndiye anayepeleka maneno kati yangu na Mwavita kwa simu: "Mwambie ningekuja, ila pua yangu ni nyembamba." Nassib akafikisha.

Mkabadilisha, mkataka kadi ya chanjo. Nikachanjwa kwa bahati mbaya, kwa sababu wachanjaji walinifuata mpaka kibarazani ninaposhonea na cherehani ilikuwa imenizibia njia. Kadi hiyo niliipoteza, tena kwa uangalifu mkubwa.

Mkaleta kipimo cha papo hapo gatini, majibu robo saa. Hapo nilianza kuwa na wasiwasi na uongozi wenu. Robo saa haimtoshi mtu hata kughairi.

Mkaleta kile kibunduki cha kupima joto kwenye paji la uso. Siku hiyo nilisimama juani tangu saa mbili mpaka saa tano nikiwa na baibui jeusi, kikasoma thelathini na nane. Nikajiandaa kurudi nyumbani kwa masikitiko. Nesi wenu, Leonida, akanishika mkono, akanikalisha kivulini, akaninywesha maji, akanipima upya: thelathini na sita na nusu. Nikamwambia asijisumbue, watu wengi wanamngoja. Akasema, "Mama, hapa hatumwachi mtu." Ilibidi nimdanganye kwamba nimesahau pasi ya mkaa ikiwaka nyumbani. Huduma nzuri kupita kiasi nayo ni kero, naomba iandikwe hivyo.

Mwisho mkaleta fomu ya maswali. Una homa? Una kikohozi? Una vipele? Hiyo ilinitesa kuliko zote, kwa sababu mdomo wangu unaweza kupinda kidogo lakini mkono wangu haujawahi kuandika uongo. Nilijibu hapana, hapana, hapana, mpaka swali la saba: "Je, kuna jambo lingine la afya tunalopaswa kulijua?" Nikaandika: "Lipo." Wewe mwenyewe uliniita pembeni ukaniuliza ni lipi, nikakwambia nitaleta maelezo. Haya hapa maelezo.

3. Kwamba mmefuta vipimo wakati upo ugonjwa ambao hamjaupima.

Mwaka 2018 tulifanya arobaini ya mama yetu hapa nyumbani. Tulipika wali, na kwa wazee wasioutaka wali tukapika ugali wa muhogo na samaki, migebuka ya mawese. Migebuka niliiunga mimi. Mwavita akaonja, akasema mbele ya kina mama wote, "Mama asingeila hii." Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Mimi nikamjibu: "Wewe utajuaje mama alikuwa akila nini? Miaka mitatu hukutia mguu hapa. Niliyekuwa namlisha ni mimi."

Wanasema ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile ulijeruhi mtu. Nilichosema kilikuwa kweli tupu. Nilichokiacha nje ni kwamba miaka hiyo mitatu mume wa Mwavita alikuwa amelala kitandani, amepooza upande mmoja, na dada yangu alikuwa akimgeuza peke yake mchana na usiku. Nilijua. Na kila aliyekuwa jikoni alijua kwamba ninajua.

Asubuhi yake Mwavita akaondoka na boti ya mizigo bila kuaga. Mumewe akafariki mwaka uliofuata. Sikwenda kuzika. Wakati huo meli yenu haikuwepo wala vipimo havikuwepo, basi nilisema mguu unaniuma. Unaona sasa, Ndugu Msimamizi, mtu asiye na kipimo cha kusingizia anavyofikia hatua ya kusingizia mguu wake mwenyewe. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mwavita ni mkubwa wangu kwa miaka minne. Salamu namtumia kwa Nassib, lakini shikamoo haitumwi kwa simu ya mtu, shikamoo unaipeleka mwenyewe kwa mwenyewe. Ninazo za miaka saba ndani. Na katika ukoo wetu, marehemu baba alituachia sheria kwamba ndugu wakikosana, anayefunga safari kwanza ndiye aliyekubali kosa. Kwa hiyo kila mmoja wetu amekaa upande wake wa ziwa akimsikiliza Nassib. Wahenga walishauri kwamba ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime. Nassib hakuchukua jembe, alichukua simu, na vocha zimemwisha.

4. Kwamba ugonjwa huo unaitwa aibu, na mna wajibu wa kuuzuia usipande melini.

Dalili zake nimezichunguza mwenyewe. Kila Jumatano honi ya meli yenu ikilia, moyo unanienda mbio, mikono inatoka jasho mpaka uzi hauingii kwenye tundu la sindano, na koo linakauka kiasi kwamba mteja akiniuliza sare ya mwanawe iko wapi namwonyesha kwa kidole. Kama hizo si dalili za kumzuia abiria, sijui mlikuwa mnatafuta nini kwenye pua za watu. Nesi Leonida alipima joto la paji la uso. Angeshusha mkono kidogo tu mpaka kifuani, nisingeruhusiwa hata kuvuka geti.

5. Kwamba dawa ya jambo hili iko mkononi mwenu na haiwagharimu kitu.

Naomba vipimo vyote virudishwe, cha pua kikiwa cha kwanza. Kama watalii watalalamika, kwa kuwa wamesafiri mbali kuja kulitazama ziwa letu, virudishwe kwa abiria wanaoshuka Kirando peke yao. Kama watu wa Kirando watalalamika, virudishwe kwa wanawake waliozidi miaka sitini kutoka Buzebazeba. Kama wanawake wa Buzebazeba watalalamika, na watalalamika, nawajua, basi virudishwe kwa wale wenye cherehani. Wenye cherehani wa umri huo Buzebazeba tuko wawili. Mwenzangu, Agnesi, anaogopa maji hata ya kwenye beseni, hatasafiri maisha yake yote. Utaona kwamba hakuna atakayeonewa.

Ili nisikuongezee kazi nimeandika cheti kabisa na kukiambatanisha. Kinasema: "Bi Ziada Mrisho hafai kusafiri kwa meli mpaka itakapotangazwa vinginevyo." Kinahitaji saini na mhuri. Nafasi ya mhuri nimeichora duara kwa kufuatisha kitako cha kikombe, tafadhali usitumie ule wa pembe nne. Ile suruali yako ya kaki uliyoleta kupunguzwa kiuno iko tayari. Sisemi hivyo kama rushwa. Suruali ingekuwa tayari hata bila cheti, isipokuwa isingekuwa tayari mapema.

6. Kwamba tangazo lenu lina uongo.

Mmeandika, "Njoo na tiketi yako tu." Nani alishawahi kwenda kwa ndugu yake aliyemkosea akiwa na tiketi tu? Tiketi niliwahi kuikata, mwaka juzi. Nilifika nayo mpaka kwenye ngazi ya meli, nikarudi nikawaambia majirani kwamba fomu ilikataa. Fomu haikukataa. Tangazo lirekebishwe lisomeke: "Njoo na tiketi yako, na mengine utajua mwenyewe."

Nimemaliza, na ninaomba radhi kama kuna mahali nimekupandishia sauti. Wewe ni mtoto wa watu, umeletwa kazini mbali na kwenu, na kila ulipobandika tangazo ulibandika kwa adabu. Lakini kila mtu analia pale panapomuuma, na mimi mlipopagusa ni hapo.

Nisalimie nesi Leonida na mkono wake mwepesi. Nisalimie binti wa tiketi, mwambie maji yake yalinifaa. Nisalimie nahodha ambaye sijawahi kumwona, mabaharia, mpishi wa melini, na watalii wote, wakiwemo waliopiga makofi vipimo vilipofutwa. Mimi sina kinyongo na mtu isipokuwa mmoja, naye ndiye mwandishi wa barua hii.

Ndimi abiria wenu mtarajiwa tangu mwaka 2021,

Ziada Mrisho

Nyongeza, Jumapili, 17 Agosti.

Ndugu Msimamizi, barua nilikuwa nimekwisha kuifunga, nikaifungua tena kwa ncha ya mkasi. Jana, meli yenu iliporudi kutoka kusini, bodaboda ilisimama mbele ya kibaraza changu. Akashuka mama mmoja mrefu, amekonda, ameshika ndoo ya mfuniko. Nilidhani ni mteja. Nikamwambia sare nyeupe zimejaa, arudi wiki ijayo.

Alikuwa Mwavita. Akaweka ndoo chini, akasema: "Nassib kanisomea lile tangazo kwenye simu. Nikaona basi, leo nimeumbuka, sina tena cha kusingizia."

Kumbe na yeye! Miaka minne yote, huko Kirando, watu wakimuuliza mbona haji kumwona mdogo wake, alikuwa akijibu, "Hivyo vipimo!" Na sasa, kwa sheria ya baba, amefunga safari yeye na kubeba kosa ambalo ni langu. Nilimwambia hivyo pale pale kibarazani, mbele ya yule bodaboda ambaye alikuwa anangoja nauli yake. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga kwa miaka saba. Yote yalikataa kutoka, ikatoka "Shikamoo dada," tena na tena, naye akaitikia marahaba kila moja. Tumelia, tumecheka, na wateja wawili wameondoka bila sare zao. Nina furaha, sijui niiandike vipi.

Kwa hiyo malalamiko namba moja mpaka sita nayaondoa. Msirudishe kitu. Ila kama mikono yenu bado inawawasha, yuko abiria atakayetaka kurudi Kirando Jumatano hii. Mpimeni huyo. Mpimeni pua, joto, vipele na chochote mtakachokikumbuka, na majibu yake yacheleweshwe hata mwezi mzima.

Mwavita yuko hapa nyuma yangu, anasoma. Anasema nikuulize kama ile barua aliyokuandikia mwezi uliopita, aliposikia tetesi, ya kuomba vipimo visifutwe, ilikufikia. Anaomba uichane. Hii yangu nayo uichane. Ila kabla hujazichana, zisome zote mbili, utuambie nani amelalamika vizuri zaidi.