Kuku, Shemeji na Maneno Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Mhariri kanirudishia hadithi yangu ya kuku anayetafuta yai lake. Kaichora mistari myekundu hadi karatasi inatia huruma. Eti maneno mengi mno, kitabu ni cha watoto wa chekechea, picha ndizo zisimulie. Nikamuuliza, sasa mimi nabaki na kazi gani? Akanijibu, kujua pa kunyamaza. Mwandishi anyamaze!

Ijumaa kitasomwa mbele ya watoto. Wakitulia hadi mwisho, kinachapwa. Wakitawanyika, basi tena. Na mimi wakwe wote nimeshawatangazia kuwa ni mwandishi. Mchoraji mwenyewe ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Hapo ndipo penye kazi.

Jumanne, 5 Machi

Penye nia pana njia, na njia ni hizo hizo picha. Nimempa shemeji maagizo: ukutani kwa bibi mwenye kuku achore tangazo, mlangoni gunia lenye maandishi, na bibi mwenyewe ashike gazeti. Maandishi yote natunga mimi. Tangazo linasema, "Hapa ndipo kuku aliporuka kwa hofu kuu." Gunia lina aya nzima.

Shemeji kasoma, kaguna. Mke wangu kanionya kwamba mdogo wake akiguna kuna jambo. Wivu wa kindugu tu huo.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji alipokwenda kuchemsha chai, nikachungulia mezani kwake. Tangazo lipo. Gunia lipo, herufi safi kabisa. Ila kuna mbuzi. Mimi sikuandika mbuzi. Kasimama pembeni, analitazama tangazo langu kwa jicho nisilolipenda. Nilipouliza, shemeji akasema pale palikuwa patupu. Nimekunywa chai yangu. Mtu mzima hagombani na mbuzi.

Alhamisi, 7 Machi

Ukistaajabu ya mhariri utaona ya shemeji. Mbuzi kala tangazo! Kila ukurasa anatafuna kipande, limebaki "Hapa ndipo kuku". Kisha kampokonya bibi gazeti. Kisha gunia, aya yangu yote, na tundu alilotoboa likatoa yai. Mimi yai nililieleza kwa hotuba ndefu ya kuku.

Nimekwenda kushtaki kwa mhariri. Kacheka hadi kafuta machozi, kasema nisiguse kitu. Sawa. Kesho msomaji ni mimi, na hadithi yangu naijua kwa moyo, neno kwa neno. Tuone mbuzi atakula nini.

Ijumaa, 8 Machi

Mwalimu alinikalisha kwenye kiti cha watoto, magoti yakafika kifuani. Nikaanza kuisimulia yote, tangu mapambazuko na umande. Mtoto mmoja akavua kiatu. Mwingine akalala chali. Wa tatu akaenda zake dirishani. Nikaongeza sauti. Mhariri, kule nyuma, akafunga mkoba wake.

Niliogopa kweli. Nikapaliwa na mate, sauti ikagoma kabisa. Nikabaki kufunua kurasa kama bubu.

Binti mmoja akasimama, akanyoosha kidole na kusema mbuzi anakula ukuta. Yule wa dirishani akarudi mbio. Wakanizingira, wananihimiza nifunue. Yai lilipodondoka wakapiga kelele, wakataka turudie toka mwanzo. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga.

Mhariri kasema kinachapwa. Shemeji kanipa mkono, kasema nimenyamaza vizuri sana.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Watoto walimpenda mbuzi. Mbuzi alipenda nini? Maneno yangu. Bila maneno yangu angekufa njaa ukurasa wa kwanza, na kitabu kingekwisha. Kumbe nilikuwa sahihi tangu Jumatatu, wenzangu ndio wagumu kuelewa.

Kitabu kijacho kitakuwa cha tembo. Nimempelekea shemeji maagizo: ukuta mrefu, umeandikwa pande zote, na dibaji ya kuwaeleza watoto kwa nini picha hazihitaji maelezo. Kasoma hadi mwisho, kaguna. Naona safari hii amekubali.