Bakteria wa Bwana Mifuko

Redio ya Kinyozi ndiyo iliyoleta balaa. Ilikuwa inabwabwaja mbele ya kibanda chake, pale jamaa wanapopiga soga kila mchana, mara mtangazaji akasema kuna bakteria wanaoishi ndani ya muwa bila kuuumiza. Wanachukua naitrojeni ya hewani, wanaulisha muwa, na wakulima waliowajaribu wamepunguza mbolea ya dukani.

Chai ilimpalia Bwana Mifuko. Duka la mbolea ni lake, mlango wa pili kutoka kwa Kinyozi, na msimu huo alikuwa amejaza ghala mpaka darini. Mwenyekiti wa chama cha wakulima wa miwa alikuwa hapo hapo kwenye benchi, na jioni ile chama kilikuwa kinakutana kuamua: mifuko ya Bwana Mifuko, au vichupa vya watafiti wenye hao bakteria. Sasa mtu mwenye ghala limejaa atanyamaza vipi?

"Zima hicho kidude!" alifoka. "Bakteria! Mimi bakteria ninaowajua ni wa kuharisha."

"Hawa wamestaarabika," alisema Tela, dereva wa trekta la kubebea miwa. "Wamepanga chumba ndani ya muwa, na kodi wanalipa kwa chakula. Mpangaji wangu angekuwa na nusu ya adabu yao, ningemwozesha dada yangu."

"Chakula gani wanachotoa?"

"Hewa."

"Mnawasikia? Hewa!" Bwana Mifuko aliwageukia wote. "Tangu lini mtu akalishwa hewa?"

"Mbona sisi tunalishwa kila uchaguzi?" alidakia Kinyozi, mashine ikinguruma juu ya kichwa cha mteja.

"Mnalishwa, ndiyo. Mmenenepa?"

Hapo walicheka mpaka mteja akashika sikio lake kwa tahadhari. Bwana Mifuko akaona mambo yamemnyookea, akaupiga kofi mfuko aliokalia. Wenzake walikalia benchi, lakini yeye alikuwa na kiti chake: mfuko wa mbolea aliouokota kando ya mlango wake wa nyuma, umenyeshewa na kuganda kama jiwe. Aliona usipotee bure, akawa anautoa kila siku na kuuita tangazo.

"Mwenyekiti, achana na hawa wapiga domo. Hebu inuka, nenda ukaiguse ile miwa yangu."

Miwa yenyewe ilikuwa mbele ya duka, mstari mmoja, imepita paa, majani kijani kibichi mpaka yanaelekea weusi. Kibao kilichopigiliwa mbele yake kilisema: HII NDIYO KAZI YA MBOLEA YETU. Bwana Mifuko hajawahi kuona mteja akipita pale asitoe mguno.

Mwenyekiti alikwenda, akaushika muwa mmoja, akauminya, akarudi polepole. Huyo bwana hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Umeshiba," alisema.

Alhamdulillah! Moyo wa Bwana Mifuko ukatulia mahali pake. Akajiona kabisa anatoa mifuko ghalani, lori linarudi nyuma, watu wanabeba.

"Ila chama kitaniuliza uliwekaje mbolea. Uliweka mara ngapi?"

Sasa Bwana Mifuko huyo huuza mbolea, haishiki. Shati lake likiingia vumbi hulala na hasira. Akaita kwa sauti ya mwenye nyumba, "Mke wangu! Njoo uwape hawa ushahidi!"

Mkewe alitoka akifuta mikono kwenye kanga. Tela akasogea haraka. "Karibu shemeji, kaa."

"Asante, nimesimama vizuri."

"Waambie," alisema mumewe, kifua mbele. "Miwa hii imekula nini?"

"Niseme hapa hapa?"

"Sema! Tena kwa sauti. Tela akishindwa huwa hasikii."

"Haijala mbolea hata chembe."

Mashine ya Kinyozi ikazimika.

"Si ulinituma kwenye mkutano wa watafiti nikakusikilizie wanakuja na nini? Nikarudi na kichupa. Ukaniambia, 'Kamwage huko nje huo uchafu.' Nikaenda nje. Nikakuta vile vipande vya miwa tulivyokuwa tunapanda, vimelala kwenye mfereji, nikavimwagia. Ndivyo walivyotuonyesha."

"Na mbolea? Si nilikupa mfuko mzima?"

"Nilisubiri kwanza nione. Majani yakazidi kukolea, nikauacha kando ya mlango wa nyuma, mvua ikaupata." Akanyoosha kidole taratibu, chini ya kiuno cha mumewe. "Si huo umeukalia?"

Tela alianguka kutoka kwenye benchi, na hakuna aliyemwinua. Mteja wa Kinyozi, nusu kichwa kimenyolewa, alikuwa analia machozi. Bwana Mifuko aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Na muda wote huu hukuniambia!"

"Kila siku unaleta watu waishangae. Una raha vile, ningekukatizaje?"

Mwenyekiti peke yake hakucheka. "Shemeji, hao bakteria wanafaa kila shamba?"

"Hawakusema hivyo. Udongo haufanani, wengine bado mtaongeza mbolea kidogo. Walisema tujaribu kipande kwanza, tusivamie shamba zima."

"Basi jioni njoo mkutanoni uyaseme haya."

"Tutakuja," alisema Bwana Mifuko.

"Nimemwita shemeji," alisema Mwenyekiti, akachukua kofia yake.

Jamaa wakavuka kwenda kuikagua miwa upya, Tela akiubishia hodi kila muwa, akiwauliza wapangaji kama wameshakula. Bwana Mifuko alibaki juu ya kiti chake. Alilitazama ghala, akautazama mlango wa duka, kisha akashusha sauti.

"Mama watoto. Hao watafiti... hawatafuti wakala huku kwetu?"

"Walikuwa wanatafuta. Wameshanipata mimi," alisema mkewe, akikusanya vikombe vya chai. "Nilikosa tu pa kuviweka hivyo vichupa. Kesho utanisaidia kutoa mifuko dukani. Anza na huo."